Mlima wa Lugha: Habari za Kaukazi, Watu Wake na Herufi Zao

Mtu akiitazama ramani mahali Ulaya inapokutana na Asia, ataona kipande cha nchi kilichobanwa kati ya bahari mbili: upande wa magharibi Bahari Nyeusi, na upande wa mashariki Bahari ya Kaspi. Nchi hiyo yaitwa Kaukazi. Si kubwa. Jamhuri tatu zilizo kusini ya milima, yaani Georgia, Armenia na Azerbaijan, zikiwekwa pamoja hazifiki kilometa za mraba 190,000, nazo ni karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania. Kaskazini ya milima ziko Dagestan, Chechnya, Ossetia ya Kaskazini na nchi nyingine zilizo chini ya Urusi. Walakini mahali padogo namna hii pasemwa lugha karibu 50: nyingine na watu mamilioni, nyingine na watu wa kijiji kimoja tu.

Jambo hili liliwashangaza watu tangu kale. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika ya kwamba katika mji wa Dioskuria, pwani ya Bahari Nyeusi, Warumi walihitaji wakalimani 130 ili kufanya biashara yao. Waarabu nao waliuita mlima huo Jabal al-alsun, maana yake Mlima wa Lugha. Na Masudi wa Baghdad, msafiri wa karne ya kumi, ambaye wasomaji wetu wa pwani wanalijua jina lake kwa sababu aliifikia nchi ya Zanji na kuandika habari zake, aliandika pia juu ya mlima wa Kaukazi, akahesabu mataifa yake kuwa 72, kila taifa na mfalme wake na lugha yake.

Basi mtu aweza kuuliza: watu wachache namna hii, waliokaa katika njia ya Waajemi, Warumi, Waarabu, Wamongoli, Waturuki na Warusi, wamewezaje kubaki na lugha zao hata leo? Na wale ambao lugha zao zimekufa, zimekufa kwa sababu gani? Maswali haya mawili yamfaa kila mwalimu ayafikiri, popote alipo.

Nchi yenyewe

Mgongo wa nchi hiyo ni safu ya milima mirefu iendayo toka kaskazini-magharibi hata kusini-mashariki, mwendo wa kilometa kama 1,200. Kilele chake kirefu ni Elbrus, chenye meta 5,642. Hicho ni kifupi kidogo kuliko Kibo chetu cha Kilimanjaro, nacho vilevile ni mlima uliotokana na moto wa chini ya ardhi, na juu yake theluji haitoki mwaka mzima. Safu hiyo ni kama ukuta: huzuia pepo baridi za Urusi zisishuke kusini. Kwa hiyo kwenye tambarare ya Georgia iliyo karibu na Bahari Nyeusi mvua ni nyingi mno, na watu hupanda chai na machungwa. Lakini mtu akienda mashariki, nchi huzidi kukauka hatua kwa hatua, hata akifika Baku, mji mkuu wa Azerbaijan ulio ufuoni mwa Kaspi, ataona nchi ya upepo na mvua haba. Bahari hiyo ya Kaspi haina njia ya kutokea baharini kwingine, na uso wake uko chini ya uso wa bahari kuu kwa meta 28 hivi.

Kusini ya safu hiyo kubwa unapita Mto Kura, utokao Uturuki, ukapita katikati ya Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, ukaungana na Mto Aras na kuingia Kaspi. Kusini zaidi nchi yapanda tena kuwa uwanda wa juu wa Armenia, wenye mawe mengi, baridi kali na ziwa kubwa la Sevan, lililo juu sana, karibu meta 1,900. Toka Yerevan, mji mkuu wa Armenia, watu huuona kila asubuhi isiyo na mawingu Mlima Ararat, ambao ni alama ya taifa lao. Lakini mlima wenyewe uko ng'ambo ya mpaka, katika Uturuki.

Njia za kuivuka safu ile ni chache. Moja ni korongo la Darial, katikati. Nyingine ni Derbent, mahali milima inapokaribia Kaspi na kuacha njia nyembamba tu. Wafalme wa Uajemi katika karne ya sita walijenga huko kuta za mawe toka mlimani hata baharini, nazo zasimama hata leo. Jina lenyewe laeleza kazi yake: kwa Kiajemi dar ni mlango, na band ni kifungo. Mwenye kuushika mlango huo aliweza kuwazuia wapanda farasi wa nyika za kaskazini.

Sasa sababu ya wingi wa lugha yaanza kuonekana. Mabonde ya Dagestan ni kama vyumba vya nyumba moja visivyo na milango katikati. Watu wa bonde hili na la pili walitazamana moshi wa meko yao, lakini kwenda na kurudi ilikuwa safari ya siku nzima, na wakati wa theluji haikuwezekana kabisa. Tena kila taifa lililoshindwa huko tambarare lilikimbilia milimani. Waoseti, kwa mfano, ni wazao wa Waalani, wapanda farasi wa zamani. Lugha yao ni ndugu ya Kiajemi, nayo imebaki milimani baada ya kutoweka nyikani. Hivyo milima iliwatenga watu, tena ikawahifadhi.

Lugha na ngeli zake

Wataalamu huzigawa lugha za wenyeji katika jamaa tatu, ambazo hazijulikani kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Ya kwanza ni ya Kigeorgia na ndugu zake. Ya pili ni ya kaskazini-magharibi, yenye Kiabkhazi na Kicherkesi. Ya tatu ni ya kaskazini-mashariki, yenye Kichecheni, Kiavari, Kilezgi na nyingine nyingi za Dagestan. Juu ya hizo ziko lugha zilizotoka nje: Kiarmenia na Kioseti, walio wa jamaa kubwa ya lugha za Ulaya na Uhindi, na Kiazerbaijan, ndugu wa Kituruki.

Msomaji wa Kiswahili ataona ndani ya lugha hizo mambo ambayo Mzungu huyaona mageni, naye huyatambua kama vitu vya nyumbani kwake. La kwanza ni ngeli. Lugha nyingi za jamaa ya tatu huyagawa majina katika ngeli, na kitendo hubadili herufi yake ya mwanzo kulifuata jina. Kwa Kiavari ngeli ni tatu: ya wanaume, yenye alama w, ya wanawake, yenye alama y, na ya vitu vingine vyote, yenye alama b. Hata ndugu wa kiume huitwa wats, na ndugu wa kike yats. Wachecheni wana ngeli sita, na neno lao la “ni” huwa vu, yu, bu au du, kwa kadiri ya ngeli ya kinachotajwa. Tofauti yake na yetu ni hii: kwa Kiswahili alama huonekana katika jina lenyewe, kama ki- ya kitabu, kwa lugha hizo jina kwa kawaida halina alama, ila wenzake wanayo. Kwa hiyo mtoto hana budi kujifunza kwa moyo kila jina na ngeli yake.

La pili ni kitendo cha Kigeorgia. Katika kitendo kimoja hutiwa mtendaji na mtendwa pamoja, kama tusemavyo “unatumenya”, ambamo u ni mtendaji na tu ni watendwa. Mgeorgia husema gvprtskvni, na maana yake ni hiyohiyo! Neno hili hupewa wageni kuwa mtihani wa ulimi, maana lina konsonanti nane zinazofuatana kabla ya irabu kutokea. Tena, kama ilivyo kwa Kiswahili, Kigeorgia hakitofautishi mume na mke katika kiwakilishi: is ni yeye, mwanamume au mwanamke. Hesabu yao huenda kwa ishirini: arobaini ni ormotsi, yaani “ishirini mbili”, na sitini ni samotsi, yaani “ishirini tatu”.

Jambo moja litamchekesha msomaji. Kwa Kigeorgia neno mama maana yake ni baba, na mama huitwa deda. Ulimi ni ena, na neno hilo ni lugha pia. Basi deda ena ni lugha ya mama. Maneno haya tutakutana nayo tena hapo chini, kwa maana yamepata kuwatoa watu barabarani.

Herufi zilizotangulia kuanguka kwa ufalme

Waarmenia husimulia ya kwamba mfalme wao Tiridati aliupokea Ukristo mwaka 301 kwa mafundisho ya Gregorio Mwangazaji, nao hujiita taifa la kwanza kufanya hivyo kwa amri ya mfalme. Wageorgia waliwafuata katika karne hiyohiyo, kwa mahubiri ya mwanamke mmoja, Mtakatifu Nino, katika siku za mfalme Mirian. Lakini kwa muda wa miaka mia Waarmenia hawakuwa na maandiko ya kwao. Vitabu vilisomwa kanisani kwa Kiyunani au Kisiria, na mkalimani alisimama kuwaelezea watu kwa kinywa. Mkalimani akikosekana, watu walirudi nyumbani kama walivyokuja.

Mwaka 387 nchi yao iligawanywa kati ya Rumi na Uajemi. Ndipo mtawa mmoja aitwaye Mesrop Mashtots, aliyekuwa kwanza mwandishi katika nyumba ya mfalme, alipoona ya kwamba taifa litamezwa. Kwa msaada wa Sahak, mkuu wa kanisa, na wa mfalme Vramshapuh, alitunga herufi 36, kila sauti na herufi yake, karibu mwaka 405. Maneno ya kwanza kuandikwa yalikuwa ya mwanzo wa Kitabu cha Mithali, yahusuyo kuijua hekima. Kisha akafungua shule, akawatuma wanafunzi wake miji ya mbali kutafuta vitabu na kuvifasiri. Miaka michache tu baadaye, mwaka 428, ufalme wa Armenia ulikwisha. Msomaji na aiangalie hesabu hiyo: herufi zilitangulia kuanguka kwa kiti cha enzi kwa miaka 23 hivi. Kama zingalichelewa kizazi kimoja, huenda leo tusingalikuwa na Waarmenia wa kutajwa, ila jina katika vitabu vya Wayunani.

Wageorgia nao wana herufi zao, 33 kwa sasa, za mviringo, zisizo na herufi kubwa na ndogo kama zetu. Katika kanisa la Bolnisi yako maandishi ya mwaka 494 yaliyochongwa kwa herufi zao za kale.

Lakini palikuwa na taifa la tatu. Mahali ilipo Azerbaijan leo palikuwa na ufalme wa Kikristo ulioitwa Albania, usiochanganywa na ile Albania ya Ulaya. Nao walikuwa na herufi zao na vitabu vyao. Baada ya Waarabu kuingia katika karne ya saba, wengi wao waliingia katika Uislamu au katika kanisa la Waarmenia, na lugha yao ikaachwa. Vitabu vikapotea vyote. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua herufi zile zilifananaje. Mwaka 1937 mtaalamu wa Kigeorgia, Ilia Abuladze, alikuta orodha yake ndani ya kitabu cha Waarmenia. Kisha katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katerina, kule Sinai, ngozi za kale zilionekana baada ya moto wa mwaka 1975, na katika miaka ya 1990 Zaza Aleksidze akatambua ya kuwa, chini ya maandishi ya Kigeorgia, yako mengine yaliyofutwa. Yalikuwa masomo ya kanisa ya Waalbania. Mtu wa zamani alikuwa ameikwangua ngozi ili aitumie tena, maana ngozi ilikuwa ghali, na maneno yale hayakuwa na msomaji tena. Lugha iliyo mzao wa Kialbania bado ipo: ni Kiudi, kisemwacho na watu elfu chache, hasa katika kijiji cha Nij huko Azerbaijan. Kwa msaada wa Kiudi wataalamu waliweza kuzisoma ngozi zile. Neno la wakulima wa kijiji kimoja lilikuwa ufunguo wa kanisa zima lililosahauliwa.

Mataifa makubwa yapitapo

Habari za vita vya Kaukazi ni ndefu. Nitataja tu zile ambazo bila hizo mambo ya leo hayaeleweki. Georgia ilipata fahari yake chini ya Daudi aitwaye Mjenzi, aliyeutwaa mji wa Tbilisi mwaka 1122, na chini ya malkia Tamar, aliyetawala toka 1184 hata 1213. Kisha Wamongoli walikuja, na baada yao Timur. Tangu karne ya 16 Waturuki na Waajemi waliigawana nchi, huyu magharibi na huyu mashariki. Vijana wengi walichukuliwa utumwani; na wale Wacherkesi walionunuliwa kuwa askari huko Misri waliinuka wakaitawala Misri yenyewe toka 1382 hata 1517.

Warusi walishuka toka kaskazini. Mwaka 1801 waliiunga Georgia na dola yao, na kwa mapatano ya 1813 na 1828 wakachukua kwa Uajemi nchi za Azerbaijan na Armenia ya mashariki. Watu wa milimani walipigana nao miaka mingi. Imamu Shamil wa Dagestan alijitoa mikononi mwao mwaka 1859, na Wacherkesi walishindwa mwaka 1864. Ndipo watu mamia ya maelfu walipofukuzwa kwenda dola ya Waturuki kwa meli, na wengi walikufa pwani na baharini kwa njaa na magonjwa. Wazao wao wako Uturuki, Siria na Yordani. Mji wa Amman, uliokuwa magofu, ulianza kukaliwa tena na Wacherkesi mwaka 1878.

Katika waliofukuzwa walikuwako Waubikhi, taifa zima. Lugha yao ilikuwa na konsonanti zaidi ya 80 na irabu mbili tu. Huko ugenini waliona haina faida. Wazee waliwafundisha watoto Kicherkesi na Kituruki, wala hapana aliyewalazimisha kwa fimbo. Mtaalamu Mfaransa Georges Dumézil aliwatafuta wazee waliobaki, akaandika maneno yao. Wa mwisho aliyeijua lugha vizuri alikuwa Tevfik Esenç, mkulima aliyelelewa na babu yake na bibi yake waliosema Kiubikhi. Alifanya kazi na wataalamu miaka mingi kwa subira kubwa. Alifariki mwezi wa Oktoba 1992, na Kiubikhi kikazikwa pamoja naye.

Mwaka 1915 Waarmenia waliokuwa chini ya dola ya Waturuki walifukuzwa makwao na kuuawa. Wataalamu wengi wa historia huhesabu waliokufa kuwa karibu milioni moja au zaidi. Habari moja ya mwaka ule yafaa kutajwa hapa. Katika nyumba ya watawa iliyobomolewa, upande wa Mush, wanawake wawili waliokuwa wakikimbia walikuta kitabu kikubwa mno cha mahubiri, kilichoandikwa mwanzo wa karne ya 13 juu ya ngozi, chenye uzito wa kilo 28 hivi. Hawakuweza kukichukua kizima, wakakigawanya, kila mmoja nusu yake. Mmoja alifika na nusu yake Echmiadzin, makao ya kanisa la Waarmenia. Wa pili hakuwahi kufika. Nusu yake aliizika ardhini huko Erzurum, ikaonekana baadaye na kuletwa. Leo nusu zote mbili ziko pamoja katika Matenadaran, nyumba ya vitabu ya Yerevan, penye vitabu vya mkono zaidi ya 17,000. Tufikiri: watu waliokimbia na roho zao tu walichagua kubeba kitabu.

Shule na serikali

Chini ya Warusi watoto walifundishwa zaidi na zaidi kwa Kirusi. Mwalimu mmoja wa Georgia, Iakob Gogebashvili, aliona ya kwamba mtoto asomaye asichokielewa hukariri kama kasuku. Mwaka 1876 alitoa kitabu cha kwanza cha kusomea, akakiita Deda Ena, Lugha ya Mama. Somo lake la kwanza ni maneno mawili mafupi, ai ia, yaani “tazama, ua la urujuani”. Herufi mbili tu, na mtoto amekwisha kusoma jambo la kweli alionalo shambani. Kitabu hicho kimefundisha vizazi vingi, na mfano wake haujazeeka.

Baada ya kuanguka kwa mfalme wa Urusi, nchi zote tatu zilijitangaza huru mwezi wa Mei 1918, lakini zilitwaliwa na Wasovieti mwaka 1920 na 1921. Hapo ndipo herufi zilipokuwa kazi ya serikali. Kiazerbaijan kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hata miaka ya 1920. Kisha kikaandikwa kwa za Kirumi. Kisha, toka 1939, kwa za Kirusi. Na baada ya 1991 kikarudi kwa za Kirumi. Babu hakuweza kuisoma barua ya mjukuu wake, wala mjukuu kitabu cha babu. Sisi nasi tumeiona nusu ya jambo hilo, maana Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya za Kirumi, na wengi wetu tunao masandukuni maandiko ya mababu tusiyoweza kuyasoma. Huko jambo hilo lilipita mara tatu ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Mwezi wa Februari 1944 Wachecheni na Waingushi wote, watu karibu nusu milioni, walitiwa katika magari ya mizigo ya reli, wakapelekwa Asia ya Kati. Wengi walikufa njiani na katika miaka ya kwanza. Waliruhusiwa kurudi toka 1957.

Mwaka 1978 watawala walitaka kuandika sheria mpya ya nchi ya Georgia bila maneno yasemayo ya kuwa lugha ya serikali ni Kigeorgia. Tarehe 14 Aprili wanafunzi na watu wengi walitoka katika barabara za Tbilisi kuitetea deda ena. Nchi ile haikuwa na desturi ya kuwavumilia watu wa namna hiyo; lakini siku ile watawala waliyarudisha maneno yaliyoondolewa. Hata leo siku hiyo yaadhimishwa kuwa siku ya lugha yao.

Maisha ya leo

Mwaka 1991 nchi tatu zilipata uhuru tena. Azerbaijan ina watu kama milioni 10, Georgia kama milioni 3 na laki saba, na Armenia kama milioni 3, ijapokuwa Waarmenia walio nje ya nchi ni wengi kuliko walio ndani. Utajiri wa Azerbaijan ni mafuta: karibu mwaka 1900 visima vya Baku vilitoa kadiri ya nusu ya mafuta yote ya dunia, na siku hizi bomba la kilometa 1,768 hupeleka mafuta toka Baku kupita Tbilisi hata pwani ya Uturuki. Georgia huishi kwa kilimo, zabibu, wageni na bandari zake. Armenia, isiyo na bahari, imefungiwa na majirani mipaka yake miwili kwa muda mrefu kwa sababu ya ugomvi nao.

Maana uhuru ulikuja na vita. Wageorgia zaidi ya laki mbili walikimbia Abkhazia mwaka 1993, na mwezi wa Agosti 2008 Georgia ilipigana na Urusi kwa siku chache. Chechnya iliharibiwa na vita viwili vilivyoanza 1994 na 1999. Armenia na Azerbaijan walipigania nchi ya Karabakh: kwanza Waazerbaijan mamia ya maelfu walifukuzwa makwao kabla ya mapatano ya mwaka 1994, kisha, baada ya vita vya siku 44 mwaka 2020, Waarmenia zaidi ya laki moja waliondoka Karabakh mwezi wa Septemba 2023, karibu wote, kwa muda wa siku chache. Mwezi wa Agosti 2025 wakuu wa nchi hizo mbili walikutana Washington, na mawaziri wao wakatia sahihi za awali katika hati ya amani. Anayezisoma habari hizi asifanye haraka kusema nani mwema na nani mbaya. Kila upande wanao wazee waoneshao funguo za nyumba wasizoweza kuzirudia.

Walakini mgeni aendaye huko hukutana kwanza na ukarimu. Milimani mgeni akivuka kizingiti, hata adui hawezi kumgusa bila kumvunjia heshima mwenye nyumba. Husimuliwa pia ya kwamba zamani wanaume wakipigana, mwanamke akitupa kitambaa cha kichwa chake kati yao, hawana budi kuzishusha silaha zao. Georgia karamu ina mkuu wake, aitwaye tamada, asemaye maneno ya heshima kwa utaratibu: kwa Mungu, kwa nchi, kwa waliokufa, kwa watoto, wala hapana anywaye kabla neno halijasemwa. Mvinyo wenyewe huchachuka katika mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini. Vipande vya mitungi vilivyofukuliwa kusini ya Tbilisi vyaonyesha ya kwamba kazi hiyo ina miaka kama 8,000. Armenia wanawake hukaa kuzunguka tanuri lililochimbwa chini, wakiupiga ukutani mwake mkate mwembamba mpana kama kitambaa. Haya yote yamebaki katika nchi iliyovamiwa mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu.

Tukirudi kwenye maswali ya kwanza, twaona ya kuwa milima pekee haikutosha. Waubikhi walikuwa na milima, nao hawapo. Waalbania walikuwa na herufi, nazo zilifutwa. Waarmenia walipoteza ufalme na sehemu kubwa ya nchi, nao wapo. Lugha ilibaki mahali palipokuwa na vitu vitatu pamoja: mama aliyeisema kwa mtoto, mwalimu aliyeiandika, na watu waliokubali kuvumilia hasara kwa ajili yake. Kimoja kikikosekana, viwili vingine vilidumu kwa muda tu. Katika shule ya Nij watoto wa Kiudi sasa wana vitabu vya kuwafundisha lugha yao katika madarasa ya kwanza. Ni wachache. Lakini mtoto mmoja wa kijiji kile ajuapo neno la bibi yake la mkate na la maji, anajua maneno yaliyokuwa yamelala chini ya wino wa wengine, kule Sinai, kwa miaka zaidi ya elfu.